Mkono Mmoja Ukitangulia



Majuma mawili yaliyopita tulizungumza hapa juu ya mfupa: jinsi unavyovunjika na jinsi unavyounga. Baada ya kipindi kile mama mmoja wa pwani aliniletea ujumbe ambao nimeusoma mara nyingi. Mumewe ni mkwezi. Mwaka jana aliteleza juu ya mnazi, akaangukia mgongo, na tangu siku hiyo miguu yake haimsikii. Mifupa ya mgongo imeshaunga. Madaktari wamemwambia hivyo na picha ameonyeshwa. Miguu bado. Mama anauliza: ikiwa kidonda hufunga, mfupa huunga, na ngozi iliyobabuka hurudi, neva zina nini hata zisirudi?

Mama, nakushukuru kwa swali hilo. Dakika zangu zote za leo ni zako. Nakuomba subira tu, kwa sababu jibu lake halianzii mgongoni mwa mtu mzima. Linaanzia mbali, mimba ikingali changa, wakati seli ya neva haijaota mkono hata mmoja.

Tukisema neva, au mshipa wa fahamu, wengi wetu huona uzi. Uzi upo kweli, lakini ndani yake mna nyuzi nyingi, na kila uzi ni mkono wa seli iliyo hai. Seli hiyo, neuroni, ina mwili mdogo usioonekana kwa macho matupu, na kwenye mwili huo hutokea mikono. Mingi ni mifupi yenye matawi na kazi yake ni kupokea habari. Hiyo huitwa dendraiti. Mmoja, na kwa kawaida ni mmoja tu, ni mwembamba na mrefu, nao hupeleka habari kwa seli nyingine au kwenye msuli. Mkono huo ndio aksoni.

Neuroni inayokunja kidole gumba cha mguu wako ina mwili wake mgongoni, nao hauzidi sehemu ya kumi ya milimita. Aksoni yake inafika mguuni, karibu mita 1. Ungeukuza mwili wa seli hiyo ukawa mkubwa kama nazi, aksoni ingekuwa uzi wa kilomita 1 na zaidi. Tena habari hupita upande mmoja: huingia kwa dendraiti, hutoka kwa aksoni. Kichwani mwa mtu mna neuroni zipatazo bilioni 86. Kama kila mkono wa kila seli ungepokea na kupeleka ovyo, tusingeweza hata kuinua kijiko.

Watu wa zamani hawakuwa na hakika kwamba aksoni ni sehemu ya seli moja. Mwaka 1873 Mwitaliano Camillo Golgi aligundua namna ya kuzitia neuroni weusi kwa chumvi ya madini ya fedha, na Mhispania Santiago Ramón y Cajal akaichukua njia hiyo akaitumia kwa vifaranga ambao bado wamo ndani ya yai. Golgi aliamini neva zote zimefumana kama jarife moja. Cajal aliona seli moja moja, kila moja na mipaka yake. Mwaka 1890 akaeleza alichokiona kwenye ncha ya aksoni changa: kitu kilichotanuka, chenye vidole. Akasema hicho ndicho kinachopenya njia na kuitangulia aksoni. Mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, na hata siku ile hawakupatana.

Cajal alikuwa anatazama seli zilizokufa, akasoma mwendo ndani ya kitu kilichosimama. Aliyeuona mwendo wenyewe ni Mmarekani Ross Harrison. Mwaka 1907 alichukua kipande cha neva changa cha chura aliyekuwa bado hajaanguliwa, akakitia ndani ya tone la limfu ya chura, akaligeuza lining'inie chini ya kioo, kisha akakaa na hadubini yake. Saa zikapita, na aksoni ikarefuka huku anaiangalia. Cajal alikuwa sahihi.

Sasa tufike kwenye kiini. Neuroni ikizaliwa ni duara. Baadaye ina mikono kadhaa, na mmoja kati ya hiyo ni aksoni. Nani aliyeuchagua ule mmoja?

Jibu lilianza kuonekana katika maabara ya Gary Banker nchini Marekani. Yeye na Carlos Dotti, mtafiti aliyetoka Argentina, walitoa neuroni kutoka ubongo wa vijusi vya panya vya siku 18, sehemu iitwayo hipokampasi, ile inayotusaidia kutunza kumbukumbu. Walizitandaza kwenye kioo chenye maji ya kuzilisha, mbali na jirani zake, mbali na amri yoyote ya mwili. Mwaka 1988 wakatoa maelezo ya kile walichokiona, na hadi leo kila anayeingia katika fani hii huanza na maelezo hayo.

Kwanza seli hujishikiza kwenye kioo na kujizungushia utando mwembamba unaochezacheza. Baada ya nusu siku hivi, utando umegawanyika kuwa mikono minne au mitano. Yote ni mifupi, yote inalingana. Mmoja hurefuka kidogo, hurudi nyuma. Mwingine hujaribu, naye hurudi. Ukizitazama saa hizo huwezi kusema nani atakuwa nani. Kisha, siku ya pili, mkono mmoja hutoka ukaenda. Haurudi tena. Unakimbia peke yake na ile mingine inatulia kama imeambiwa ingoje. Huo ndio aksoni. Mikono iliyobaki huanza kukua kuwa dendraiti baada ya siku kama nne, na baada ya wiki moja seli zinaungana na kupashana habari.

Mimi hapo ndipo ninapostaajabu kila mara. Kwenye kioo kile hakuna anayeielekeza seli, hakuna kaskazini wala kusini. Hata hivyo hutoa aksoni moja, si mbili, wala haikosi.

Dotti na Banker walikuwa wameshajaribu jambo jingine mwaka 1987: waliikata aksoni changa. Walipoikata karibu na mwili wa seli, ikabaki fupi sawa na mikono mingine, mashindano yalianza upya, na mara nyingi mkono mwingine, uliokuwa njiani kuwa dendraiti, ukageuka ukawa aksoni. Walipoikata mbali, kikabaki kisiki kirefu, kisiki kile kile kiliendelea. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba mkono ukiwazidi wenzake kwa mikromita 10 tu, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, karibu kila mara huo ndio unaokuwa aksoni. Jina halikuwa limeandikwa kwenye mkono wowote. Aliyetangulia ndiye aliyepewa kazi.

Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera analijua jambo linalofanana na hili bila hadubini. Mbuni ukizeeka, huukata shina. Machipukizi yaliyokuwa yamezuiwa na kilele huamka, naye huchagua atakayoyaacha yawe mashina mapya. Kilele kilikuwa kinayazuia. Lakini mume wako, mama, anaujua mti wa namna nyingine. Mnazi una kilele kimoja tu. Ukikikata, mti umekufa, haujui kuchipua pembeni. Naomba tuishike miti hii miwili, mbuni na mnazi, kwa sababu swali lako lote limo hapo: neuroni ni mti wa aina gani?

Tuingie ndani ya mkono wenyewe. Ile ncha aliyoiona Cajal ni kama kiganja kilichofunguliwa, na vidole vyake vinapapasa mbele daima. Ukingo wa kiganja umejaa nyuzi fupi za protini iitwayo aktini, zimesukwa kama ukuta wa fito. Nyuma yake, kwenye mkono, zimelala boriti za protini nyingine: vijibomba virefu viitwavyo mikrotubuli. Boriti ndizo zinazoubeba mkono, na juu yake mizigo ya seli husafirishwa. Fito zikikazana, boriti haziwezi kupita, na mkono unabaki mfupi. Fito zikilegea, boriti zinasukuma mbele, na mkono unarefuka.

Mwaka 1999 Frank Bradke, akiwa na Dotti, alionyesha kwamba kabla mkono haujaanza kukimbia, fito za kiganja chake huwa zimeshalegea kuliko za wenzake. Kisha walichukua dawa inayotokana na kuvu, inayovunja nyuzi za aktini, wakaimiminia kiganja cha mkono mmoja tu waliouchagua wao. Mkono ule ukawa aksoni. Walipoitia seli nzima dawa hiyo, mikono kadhaa ilikwenda, na seli moja ikawa na aksoni zaidi ya moja.

Miaka tisa baadaye kikundi cha Bradke nchini Ujerumani kiligeukia boriti. Kuna dawa ya saratani ambayo baadhi ya wasikilizaji wangu wanaijua vizuri kuliko mimi, kwa sababu wametundikiwa dripu yake: paklitakseli, iliyotolewa kwanza katika gamba la mti wa Amerika Kaskazini. Hutibu saratani ya matiti na ya ovari, na pia saratani ya Kaposi ambayo Afrika Mashariki tumeiona sana. Kazi yake ni kuzikaza mikrotubuli zisivunjike, ili seli ya saratani ishindwe kugawanyika. Ndiyo maana pia wengi hutoka hospitali wakiwa na ganzi kwenye vidole vya mikono na miguu: aksoni zao ndefu nazo zinazitegemea boriti hizo, na dawa hiyo, kwa kipimo kikubwa, huzivuruga. Ukipata ganzi hiyo mwambie daktari wako mapema. Usiinyamazie.

Lakini kwa kipimo kidogo mno, ndani ya kioo, dawa hiyo hiyo ilifanya jambo jingine. Neuroni changa zilizowekewa tone dogo zilitoa aksoni nyingi. Watafiti wakaifunga dawa katika umbo lisilofanya kazi mpaka limulikwe, kisha wakamulika mkono mmoja tu kwa mwanga mwembamba. Mkono uliomulikwa ndio uliokuwa aksoni. Kwa hiyo boriti zikikazwa mahali pamoja, hilo linatosha kuamua.

Limebaki swali la kwa nini mmoja tu. Hapa kuna kazi nzuri ya Wajapani, kikundi cha Naoyuki Inagaki kule Nara, kilichogundua mwaka 2006 protini waliyoiita shutini-1. Protini hii hutengenezwa kwenye mwili wa seli, husafirishwa kwa mafungu hadi nchani mwa mikono, halafu hurudi yenyewe polepole kwa kutawanyika tu. Fikiria watu wanaotumwa kwa gari hadi mwisho wa barabara na kurudi kwa miguu. Barabara ikiwa fupi, wanarudi upesi, mwisho wake hauna watu. Ikiwa ndefu, kabla hawajafika nyumbani wengine wameshaletwa, na watu wanajazana kule mwisho. Shutini-1 ikijazana nchani, husaidia kiganja kushika na kuvuta. Mkono ukivutwa unarefuka, na ukirefuka unakusanya zaidi. Tofauti ndogo ya bahati inalisha tofauti kubwa. Akiba ya seli nayo ina kikomo: kinachokwenda kwa aliyetangulia hakifiki kwa waliobaki. Kuna pia ishara nyingine, zinazotoka kwa aksoni inayokimbia hadi kwenye mikono mingine, za kuizuia. Kilele kinayazuia machipukizi.

Aksoni ikishathibiti, boriti zake zote huelekezwa upande mmoja, ncha inayokua ikitazama nje. Katika dendraiti zimechanganyika, nyingine zinatazama nje, nyingine ndani. Kuanzia hapo mizigo ya aksoni inajua njia yake.

Ndani ya mwili mambo hayaachiwi bahati kiasi hicho. Neuroni za gamba la ubongo huzaliwa ndani kabisa, kisha hupanda kuelekea juu zikishika seli ndefu zilizosimama kama shina, mfano wa mkwezi na mnazi wake. Mkono wa mbele, unaokwea, utakuwa dendraiti kuu. Ule unaobaki nyuma ndio aksoni. Kemikali za jirani huisukuma seli upande huu kuliko ule. Lakini mashine ya ndani ni ile ile, na ikiharibika hakuna kinachookoa. Panya waliozaliwa bila protini mbili ziitwazo SAD-A na SAD-B walikuwa na neuroni ambazo mikono yake haikutofautika, aksoni haijulikani na dendraiti haijulikani, na walikufa muda mfupi baada ya kuzaliwa.

Neno moja juu ya urefu, kwa kuwa watoto huniuliza sana. Aksoni haifiki mita 1 kwa kutambaa peke yake. Inafika mwisho wa safari mwili ungali mdogo sana, umbali wa milimita chache, inaunganishwa, kisha mwili unakua na kuivuta. Mfano mmoja mkubwa ni twiga wetu. Neva inayokwenda kwenye koo lake, ya upande wa kushoto, hutoka kichwani, hushuka shingo yote, huzunguka mshipa mkuu wa damu karibu na moyo, kisha hupanda tena hadi kwenye koromeo. Katika twiga mzima ni zaidi ya mita 4. Siku ile njia hiyo ilipofungwa, twiga alikuwa kijusi asiye na shingo.

Turudi kwako, mama.

Aksoni za mumeo zilizokuwa zikileta amri kutoka ubongoni ziliumia mgongoni. Aksoni ya mkononi au mguuni ikikatwa na njia yake ikiwa nzima, huota tena, kama milimita 1 kwa siku. Ya ndani ya uti wa mgongo haifanyi hivyo. Hujaribu kidogo, kiganja chake kinavimba na kupoteza umbo, kisha husimama. Boriti zilizokuwa zimepangwa upande mmoja zimevurugika. Mbele yake kovu limejijenga, na mafuta yanayozifunika neva za mgongoni yana protini zinazoikataza aksoni kukua. Mfupa hauna vizuizi hivyo. Mfupa hujijenga upya maisha yote. Neuroni ilijengwa mara moja, mimba ikiwa changa, na mkono wake ukavutwa na miaka ishirini ya kukua. Kuurudisha ni kuomba mwili ufanye tena, kwa umbali wa sentimita nyingi, kazi iliyofanywa kwa milimita.

Kwa hiyo neuroni ni mnazi? Kwa miaka mingi ndivyo vitabu vilivyosema. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo, kule Montreal nchini Kanada, walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipandikiza kiungane na uti wa mgongo. Aksoni za ndani ya mgongo, zile zilizosemwa haziwezi, ziliingia ndani ya kipande kile na kukua sentimita kadhaa. Na mwaka 2008 kikundi cha Bradke kilionyesha kwenye kioo kwamba hata neuroni iliyokomaa, aksoni yake ikikatwa karibu na mwili, inaweza kuigeuza dendraiti yake kuwa aksoni. Ndani ya mnazi ule mna mbuni uliozuiwa. Hayo ni maoni yangu, lakini nayasimamia.

Kutokana na kazi zile za boriti, watafiti walijaribu mwaka 2011 kuwapa panya walioumia mgongo paklitakseli kidogo; kovu lilipungua na aksoni zikasogea. Mwaka 2015 wakaja na dawa nyingine ya namna hiyo, epothiloni B, ambayo ina uwezo wa kuingia katika ubongo na uti wa mgongo kupitia damu. Panya walioipata walitembea vizuri zaidi kuliko wasioipata. Dawa hiyo inatokana na bakteria waliopatikana katika udongo wa kingo za mto Zambezi. Udongo wetu wa Afrika, ulichunguzwa Ujerumani. Nimelisema hilo kwa vijana wanaonisikiliza na wanaosomea baiolojia.

Ni panya, mama, si watu. Leo hakuna duka la dawa, wala mganga, wala hospitali ya ng'ambo inayouza kitu kinachorudisha aksoni zilizokatika mgongoni mwa mtu. Akija mtu na chupa na bei, usiuze shamba. Kinachomsaidia mumeo sasa ni mazoezi ya viungo, kugeuzwa kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda, na kibofu chake kuangaliwa kila siku. Na kama madaktari wamesema uti haukukatika wote, aksoni zilizobaki zinaweza kujifunza kazi mpya kwa mazoezi. Msiache.

Na kwenu nyote mnaonisikiliza barabarani, mashambani na vijiweni vya bodaboda: mtu akianguka, akasema shingo au mgongo unauma, au haisikii mikono au miguu yake, msimwinue kwa makwapa, msimkalishe, msimpakie pikipiki. Mwacheni alale alivyo. Mmoja amshike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, mwingine apige simu. Ikilazimu kumhamisha, tafuteni mlango au ubao mrefu, watu wanne au watano wamwinue kwa pamoja, mwili wake ukiwa umenyooka kama ulivyolala. Aksoni nyingine hazikatwi na mnazi. Hukatwa na sisi tunaokimbilia kusaidia.